Mume wangu anataka kununua malaika wa dhahabu kwa pesa za mabati

Shikamoo Mwalimu,

Nakuandikia kutoka Leicester, Uingereza. Tuko hapa mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, na kwetu sote ni Tanga. Yeye ni dereva wa basi, mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mume wangu ni mtu mwema. Halewi, hazururi, na mshahara wake unafika nyumbani. Nayasema haya mwanzo ili asije mtu akasoma barua hii akamdhania mengine.

Tatizo letu ni sarafu. Anakusanya sarafu za kale za Waingereza, hasa za wafalme wa ukoo wa Tudor. Ilianza na kipande kidogo cha fedha, chembamba, chenye kofia ya kardinali chini ya ngao. Akanieleza kuwa kofia hiyo ni ya Kardinali Wolsey, aliyekuwa mkono wa kulia wa Mfalme Henry wa Nane, na kwamba alifia hapa hapa Leicester, kwenye abasia ambayo magofu yake yamo ndani ya bustani tunayowapeleka watoto kucheza. Tulikwenda siku hiyo hiyo, akamwonyesha binti yetu jiwe la kumbukumbu huku sarafu iko mkononi. Mwalimu, nami nilifurahi.

Kisha zikaja nyingine. Kuna shilingi, kuna vipande vya peni sita vyenye uso wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, kuna kimoja kimepinda. Nyingine ziko kwenye droo, nyingine ndani ya bahasha, nyingine sijui zimefichwa wapi. Bei hanitajii. Nikiuliza ananijibu, "Hii ni akiba Mama Salma, inapanda kila mwaka."

Sasa yamefika pabaya. Tuna mchezo wa upatu na akina mama wenzangu wa Kitanzania, na zamu yetu imefika. Pesa hizo, pamoja na tulizokuwa tumeweka, ni za kuezekea nyumba yetu ya Tanga. Kuta zimesimama, lakini mvua inazipiga kwa sababu hakuna paa. Mbao na mabati vimeshapigiwa hesabu. Ghafla mume wangu amekutana na mtu kwenye soko la Jumapili anayeuza sarafu ya dhahabu ya Henry wa Nane, ina malaika Mikaeli anamchoma joka. Anataka pauni 3,200, taslimu, kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu anasema madukani ni ghali zaidi na bahati kama hii hairudi. Mtu huyo amemwambia aliiokota mwenyewe shambani kwa mashine ya kutafutia metali, na kwamba anazo nyingine mbili za shamba hilo hilo ambazo atamuuzia baadaye. Risiti hatoi, eti watu wa mashambani huaminiana. Mume wangu ana ndoto ya kuipeleka Tanga iwe urithi wa watoto.

Shemeji yangu, kaka yake aliyeko Tanga, amepata habari. Anasema mdogo wake amechanganyikiwa, auze sarafu zote anunue bajaji. Wamegombana kwenye simu na sasa hawazungumzi.

Mwalimu, hii kweli ni akiba? Nimkatalie, halafu nionekane mke anayeizima furaha ya mumewe? Na hiyo sarafu yenyewe, tutajuaje kama ni ya kweli?

Mama Salma,
Leicester

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako umeiandika kwa haki, umemtetea mumeo hata pale unapomlalamikia, na hilo limenirahisishia kazi.

Jibu la haraka ni hili: sarafu hiyo isinunuliwe. Nyumba isiyo na paa ni sababu tosha, lakini hata kama mngekuwa na pesa nyingine zimekaa bure benki, bado ningesema isinunuliwe. Sababu umeiandika mwenyewe bila kujua uzito wake. Ni yale maneno ya muuzaji kwamba anazo nyingine mbili za shamba hilo hilo.

Huko mliko kuna Sheria ya Hazina ya mwaka 1996. Sarafu moja iliyookotwa peke yake shambani kwa kawaida haihesabiwi kuwa hazina. Lakini zikiwa mbili au zaidi, zimetoka mahali pamoja, zina umri wa miaka 300 au zaidi, na ndani yake mna dhahabu au fedha isiyopungua asilimia 10, hiyo ni hazina kisheria. Aliyeziokota anatakiwa aripoti ndani ya siku 14 kwa koroneri, yule afisa anayechunguza vifo vya ghafla na ambaye pia husikiliza mashauri ya hazina. Asiporipoti anaweza kufungwa hadi miezi mitatu, au kutozwa faini, au vyote viwili. Jumba la makumbusho likizitaka, thamani yake hukadiriwa na kamati maalumu, na zawadi kwa kawaida hugawanywa kati ya mwokotaji na mwenye shamba. Kwa hiyo mtu mwaminifu hana sababu ya kukimbilia soko la Jumapili. Njia ya halali ipo na inalipa.

Hapo sijamtaja mwenye shamba. Hata sarafu moja tu, mwokotaji akiwa aliingia shambani bila ruhusa, si mali yake ya kuuza. Na akiwa na ruhusa, watu makini huandikiana mapema nani atapata nini. Huko Uingereza wenye mashine hizo ni wengi, wana vyama vyao, na mikataba ya namna hiyo wanaijua vizuri. Kusema kwamba watu wa mashambani hawaandikiani ni kumdharau mumeo.

Kuna uwezekano mwingine, nao ni mbaya vilevile: kwamba hakuna shamba wala joka lililotoka ardhini. Hadithi ya "niliiokota mwenyewe" ndiyo hadithi inayosindikiza sarafu bandia, maana inaeleza kwa mpigo mmoja kwa nini hakuna risiti, kwa nini bei iko chini, na kwa nini mtu ana haraka. Sijui kama muuzaji wenu ni wa kundi la kwanza au la pili, na mumeo asimtuhumu mtu mbele za watu. Amuulize kwa upole mambo matatu. Shamba ni la nani? Makubaliano yake na mwenye shamba yako wapi? Na sarafu hizo zimeandikishwa kwenye mpango wa kuandikisha vitu vya kale unaosimamiwa na British Museum? Mpango huo una maofisa wake katika mikoa, huduma yao haina malipo, na kitu kilichoandikishwa hupewa namba. Muuzaji akikasirishwa na maswali hayo, mmeshajibiwa.

Na lile wazo la kuipeleka Tanga nalo lina sheria yake. Kitu cha kale kilichochimbuliwa katika ardhi ya Uingereza hakitoki nchini humo kiholela. Kinahitaji kibali, na vibali hivyo hutolewa na Arts Council England. Msafiri aliyebeba sarafu ya dhahabu isiyo na karatasi yoyote, akisimamishwa uwanja wa ndege, atasema nini?

Hilo nimelimaliza. Sasa nataka nimtetee mumeo, kwa sababu naona hakuna aliyefanya hivyo isipokuwa wewe.

Sarafu za Tudor si vyuma tu. Ni miaka 118, kuanzia Henry wa Saba alipotwaa taji mwaka 1485 baada ya vita vya Bosworth, ambavyo vilipiganwa humo humo Leicestershire, hadi Elizabeth alipofariki mwaka 1603. Katika muda huo pesa ya Uingereza ilizaliwa upya. Henry wa Saba ndiye aliyetoa pauni ya kwanza kuwa sarafu, ile sovereni ya dhahabu ya mwaka 1489, na baadaye testuni, ambayo ndiyo mwanzo wa sarafu ya shilingi, ikiwa na sura yake halisi ya ubavuni. Kabla yake uso wa mfalme kwenye fedha ulikuwa alama tu, macho mawili na taji, mfalme yeyote angeweza kuwa huyo.

Mwanawe, Henry wa Nane, ndiye aliyeiharibu. Vita na Ufaransa na Scotland vilimmalizia hazina, akaamua kuzitia sarafu shaba. Fedha safi iliyokuwa zaidi ya asilimia 90 ikashushwa hadi 75 mwaka 1544, ikawa 50 mwaka 1545, na mwaka 1546 ikabaki theluthi moja tu. Juu sarafu zilikuwa zinang'aa kwa ngozi nyembamba ya fedha. Zikitumika, sehemu iliyoinuka zaidi ndiyo iliyochubuka kwanza, na sehemu hiyo ilikuwa pua ya mfalme, kwa sababu sarafu hizo zilimwonyesha akitazama mbele. Shaba ikachungulia. Wananchi wakampa jina: Pua ya Shaba. Ukimshika mfalme huyo mkononi na pua yake nyekundu, unaelewa mfumuko wa bei kuliko ukisoma kitabu kizima.

Chini ya mtoto wake Edward wa Sita mambo yaliendelea kudidimia hadi robo ya fedha mwaka 1551, kisha mwaka huo huo zikatoka sarafu nzuri za fedha safi, zikiwemo krauni kubwa ya shilingi tano yenye mfalme kijana juu ya farasi, na ndiyo sarafu ya kwanza ya Kiingereza yenye mwaka ulioandikwa kwa tarakimu tunazotumia leo. Lakini pesa mbovu zilibaki mitaani. Elizabeth alipoingia aliamua kuziondoa zote. Mwaka 1560 shilingi mbovu za mdogo wake Edward zilipigwa alama ndogo ili watu wazijue thamani yake mpya: lango la ngome kwa zile za peni nne na nusu, mbwa wa kuwindia kwa zile za peni mbili na robo. Halafu zikakusanywa, zikayeyushwa.

Hapo ndipo mumeo apaelewe vizuri, maana ndipo palipo siri ya neno "nadra" linalowapoteza wakusanyaji wengi. Uzee peke yake hauifanyi sarafu kuwa nadra. Testuni ya Henry wa Nane yenye uso mzuri ni nadra kwa kuwa wenzake waliishia kwenye tanuri. Shilingi zilizopigwa alama ya lango au mbwa ni nadra sana kwa kuwa zilitembea muda mfupi tu. Lakini malaika wa dhahabu wa Henry wa Nane, hasa wa miaka yake ya mwanzo kabla ya 1526, ni miongoni mwa dhahabu za Tudor zinazopatikana kwa wepesi zaidi sokoni. Ni ghali kwa sababu ni dhahabu, ni nzuri, na kila mtu anaitaka. Bahati ya "hairudi tena" haipo. Minadani London malaika wanapita mwaka baada ya mwaka, wengine wakiwa na historia ya wamiliki waliotangulia. Mumeo akikosa huyu, atapata mwingine atakapokuwa tayari.

Umeuliza kama ni akiba. Nitakujibu kwa hesabu, maana maneno matupu ndiyo yaliyowagombanisha. Ukinunua sarafu dukani unalipa bei ya duka. Siku ukiirudisha, mwenye duka atakupa pungufu, na hana kosa, naye anaishi kwa tofauti hiyo. Ukinunua mnadani, juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa mnadani, kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi, na kodi juu ya ada hiyo. Ukiuza mnadani, nako kuna kamisheni ya muuzaji. Kwa hiyo sarafu iliyonunuliwa leo inaanza safari ikiwa imeshapoteza, na inahitaji miaka ya kupanda ili irudi pale ilipoanzia. Zipo zilizopanda sana, hilo ni kweli, hasa zile zenye sura safi na zenye karatasi za wamiliki wa zamani. Zipo pia zilizokaa palepale. Na mtoto akiugua usiku, huwezi kuuza groti, ile sarafu ya peni nne, kabla ya asubuhi. Mumeo aache kuiita akiba. Aiite starehe yake, starehe yenye elimu ndani yake, na pesa zake zitoke kwenye fungu la starehe. Akishalitamka hilo waziwazi, utaona hata bei hatakuwa na haja ya kukuficha.

Fungu hilo likiwa dogo, atanunua nini? Hapa ndipo ninapotamani angekuwa amekaa mbele yangu, kwa sababu mengi mazuri ya Tudor hayahitaji pesa za mabati.

Achukue peni sita za Elizabeth. Zilitolewa kuanzia 1561 hadi 1602, na karibu zote zina mwaka juu ya ngao upande wa nyuma. Nyuma ya kichwa cha malkia kuna ua la waridi, lililowekwa ili mtu asiichanganye na sarafu jirani zake zinazolingana kwa ukubwa. Mwanzoni mwa maandishi kuna alama ndogo iliyobadilishwa kila baada ya muda ili wakaguzi wa kiwanda cha sarafu pale Mnara wa London wajue kazi ni ya kipindi gani: taji dogo, ngome, tunda la mwaloni, upanga, kengele, mwezi mwandamo, mkono, pipa, ufunguo, nanga. Mtu anaweza kukaa miaka akitafuta moja ya kila alama, na iliyochakaa kidogo lakini inasomeka bado hupatikana mara nyingi chini ya pauni 100. Ya mwaka 1588 yenye mwezi mwandamo hugombaniwa kwa sababu ndiyo mwaka ambao Wahispania walituma meli za vita kuishambulia Uingereza, basi hiyo aiache kwanza.

Mimi ningemwambia aanze na ya 1591, yenye alama ya mkono. Mwaka huo meli tatu za Kiingereza ziliondoka Plymouth kuelekea bahari yetu. Moja ilirudishwa nyumbani na wagonjwa, nyingine ikapotea katika dhoruba baada ya kupita Rasi ya Tumaini Jema, na iliyobaki, Edward Bonaventure, chini ya nahodha James Lancaster, ikatia nanga Unguja mwezi wa Novemba. Ilikaa hadi Februari. Ndiyo meli ya kwanza ya Waingereza inayojulikana kufika Unguja. Sarafu ya mwaka huo ina habari ya kumsimulia mtoto wa Tanga anayekulia Leicester, na hakuna malaika wa dhahabu atakayeisimulia. Lancaster huyo huyo ndiye aliyeongoza safari ya kwanza ya Kampuni ya East India mwaka 1601, na kwa safari hiyo Elizabeth alitoa fedha maalumu zenye lango la ngome, zenye uzito wa kulingana na reale za Kihispania zilizokuwa zinakubalika katika bandari za Mashariki. Wafanyabiashara huko walizizoea za Kihispania na hizi mpya hazikupata soko, wala hazikutolewa tena. Hizo ndizo nadra kwelikweli, na ni ghali mno. Azitazame jumba la makumbusho, hatalipa kitu.

Hiyo nusu groti yake ya Wolsey ni chaguo la mtu mwenye jicho. Wolsey alikuwa pia Askofu Mkuu wa York, na maaskofu wakuu wa York walikuwa na haki ya kutoa sarafu ndogo, za peni moja na mbili. Wolsey akaweka kofia yake ya kardinali na herufi T na W pembeni mwa ngao ya mfalme, na akathubutu hata kutoa groti, ya peni nne, yenye kofia hiyo. Alipoanguka mwaka 1529, kofia kwenye groti ikawa moja ya mashtaka dhidi yake. Mwaka uliofuata alikamatwa, na akiwa njiani kupelekwa London akafia Leicester tarehe 29 Novemba 1530. Sarafu, shtaka na kaburi, vyote viko katika mji mmoja na nyinyi. Kama angeniuliza maana ya kukusanya, ningemwonyesha hicho kipande chake mwenyewe.

Sasa kuhusu ya kweli na ya bandia. Sarafu za Tudor, isipokuwa chache, ziligongwa kwa nyundo. Kipande cha fedha kiliwekwa katikati ya chuma mbili zilizochongwa, kikapigwa. Kwa hiyo duara si kamili, maandishi huweza kukatika upande mmoja, na hakuna zinazofanana kabisa. Muuzaji akiwa nazo mbili zenye ufa uleule mahali palepale, hizo zimetoka kwenye kalibu moja ya bandia. Atazame ukingo kwa kioo cha kukuzia: sarafu ya kumiminwa mara nyingi huacha mstari wa maungio au vitundu vidogo vya hewa. Apime. Shilingi ya Elizabeth ilitoka na gramu 6.2 hivi, peni sita nusu ya hizo, na malaika wa Henry gramu 5.2 hivi. Upungufu kidogo ni wa kawaida, kwani watu walizikwangua na kuzikata kingo wakaiba fedha, ingawa adhabu yake ilikuwa kifo. Uzito uliozidi ndio wa kushtua zaidi. Na malaika akiwa na tundu, asimdharau: wafalme waliwavisha wagonjwa sarafu hizo shingoni katika ibada ya kuponya uvimbe wa tezi, na tundu hushusha bei wakati historia inaongezeka.

Zile chache za mashine nilizozitaja ni kazi ya Mfaransa Eloy Mestrelle, aliyezitengeneza Mnara wa London kati ya 1561 na 1571. Ni za duara safi, nzuri ajabu. Mafundi wa nyundo hawakumpenda, kazi ikamwisha, na mwaka 1578 alinyongwa kwa kughushi pesa. Peni sita yake ya 1562 ndiyo inayopatikana zaidi. Akiiona kwa muuzaji anayeaminika, na fungu lake linaruhusu, sitamlaumu.

Muuzaji anayeaminika ni yule anayeandika kwenye risiti aina ya sarafu, alama yake, na kwamba atarudisha pesa zote ikibainika si ya kweli. Huko kwenu wapo waliojiunga na chama cha biashara hiyo, British Numismatic Trade Association, chenye kanuni za maadili. Aanze kwa hao, hata kama bei yao imezidi kidogo.

Nije kwenu nyumbani. Usimwambie "nakukataza". Mwambie pesa za upatu si zako wala zake. Zina kazi iliyokubaliwa na nyote wawili, na wenzio waliochangia walizitoa wakijua zinakwenda wapi. Pesa zikitoka, zitumwe Tanga siku hiyo hiyo kwa muuza mbao na mabati, mkiwa mmeketi pamoja na wote mkiona risiti. Baada ya hapo mpange fungu lake la mwezi, liwe dogo lakini liwe la kweli, na wewe nawe uwe na lako la unachokipenda. Akitaka malaika, aweke fungu lake bila kuligusa kwa miaka kadhaa. Sioni ubaya wowote wa mtu kusubiri.

Kisha sarafu zitoke kwenye droo na bahasha, zote, ziwekwe mezani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila sarafu iandikiwe ukurasa: mfalme gani, thamani gani, alama gani, uzito, ilinunuliwa wapi, lini, kwa bei gani, na picha ya pande zote mbili. Salma aandike, kama mwandiko wake unasomeka. Leo Mungu akimchukua mumeo, wewe hujui ipi ni ya pauni 40 na ipi ni ya 400, na watakuja watu wenye huruma nyingi kukusaidia kuuza. Daftari ndilo litakalokulinda. Zisisuguliwe kwa dawa ya meno, ndimu wala kitambaa, hata ziwe nyeusi kiasi gani. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei na hairudi ilivyokuwa. Zisikae kwenye vifuko vya plastiki laini, vinatoa utando wa kijani. Bahasha za karatasi isiyo na asidi zinatosha. Na kampuni yenu ya bima ya nyumba iambiwe kwamba zipo.

Shemeji yako ana uchungu wa nyumba ya ndugu yake inayonyeshewa, na uchungu huo ni wa haki. Akitumiwa picha ya mabati yamefika kiwanjani, hasira itapungua yenyewe. Lakini ushauri wake wa kuuza zote kwa mkupuo ni mbaya. Anayeuza kwa hasira huuza kwa bei ya mnunuzi, na bajaji haitatoka humo.

Mumeo amuulize muuzaji yale maswali matatu kabla ya Jumapili, kwa ujumbe wa maandishi, ili jibu nalo liwe la maandishi. Likija na jina la shamba na namba ya kuandikishwa, mnitumie nilione. Lisipokuja, apige simu kwa ofisa wa vitu vya kale wa eneo lenu amweleze alichoambiwa, kisha aendelee na shughuli zake. Na ile sarafu yake iliyopinda, uliyoitaja kwa kupita, naomba picha ya pande zote mbili na uzito kwa gramu. Watu wa zamani walizipinda sarafu kwa makusudi, kama nadhiri kwa mtakatifu au zawadi ya mapenzi, na ningependa kujua yenu ni ya mfalme gani.